Joto la Konde na kompyuta ya gemu: Kipozaji kipi kinafaa?

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KIJANA wa Konde anayekusudia kujiundia kompyuta ya kuchezea gemu hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa London au Berlin halimsumbui sana. Nalo ni hili: vipi ataiwezesha prosesa yenye nguvu kufanya kazi kwa ukamilifu ndani ya chumba chenye paa la bati, mwezi wa Februari, saa nane za mchana?

Swali hilo si dogo, kwa kuwa fedha nyingi huwa zimekwishatumika kabla halijajibiwa. Vifaa vya kompyuta ya aina hiyo kwa kawaida hununuliwa Dar es Salaam au mjini Unguja, au huletwa na jamaa wanaotoka Dubai na Muscat. Huvuka bahari hadi bandari ya Wete au Mkoani, kisha hupakiwa gari kuelekea kaskazini ya kisiwa, katika Wilaya ya Micheweni, iliko Konde. Aliyekosea kuchagua hawezi kurudi dukani jioni ile ile kubadilisha.

Miongoni mwa vifaa hivyo, kinachochaguliwa kwa haraka zaidi ni kipozaji cha prosesa, ambacho mafundi wengi hukiita kwa kifupi feni ya prosesa. Wengi hukinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki, au huchukua kile chenye taa nyingi za rangi. Makala hii inaeleza kazi ya kifaa hicho, na kwa nini ushauri unaotolewa nchi za baridi hauwezi kufuatwa Pemba bila ya kufanyiwa hesabu upya.

Kipozaji hakileti baridi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kipozaji cha kawaida hakitengenezi baridi. Kinafanana na feni ya dari, ambayo husukuma tu hewa iliyomo chumbani. Chumba kikiwa na joto, hewa inayosukumwa nayo ni ya joto.

Prosesa ni kipande kidogo, lakini karibu umeme wote inaoutumia hugeuka joto. Kazi ya kipozaji ni kulichukua joto hilo kutoka mahali padogo, kulisambaza katika eneo pana la vipande vyembamba vya alumini, kisha kuiachia hewa ya feni iliondoe.

Vipozaji vingi vya leo hutumia mabomba membamba ya shaba yaliyozibwa pande zote mbili, yenye maji kidogo sana ndani. Upande unaogusa prosesa ukipata joto, maji hayo hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa pili ulio baridi zaidi, huko hugeuka tena maji, na maji hurejea yalikotoka kupitia kuta za ndani za bomba. Ni jambo lile lile linaloonekana jikoni, pale mvuke wa chungu unapogonga kifuniko na kuwa matone.

Matatizo ya joto si mapya. Mwaka 2004, kampuni ya Intel ilipotoa toleo la Pentium 4 lililojulikana kwa jina la Prescott, baadhi ya prosesa za toleo hilo zilihitaji kuondolewa joto la zaidi ya wati 100, na likawa gumzo miongoni mwa watumiaji wa kompyuta duniani. Leo zipo prosesa za nyumbani zinazopita kiwango hicho zaidi ya mara mbili.

Majaribio ya Ulaya, joto la Pemba

Kwa kuwa kipozaji huanzia kwenye joto la chumba, kipimo chake cha kweli ni tofauti kati ya joto la prosesa na joto la hewa inayoingia. Tofauti hiyo haibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni pale inapoanzia.

Tuchukue mfano. Mtaalamu wa Ulaya anakijaribu kipozaji katika chumba chenye nyuzi joto 22. Prosesa inafika nyuzi 72, yaani tofauti ya nyuzi 50. Kipozaji hicho hicho, na prosesa hiyo hiyo, katika chumba cha Konde chenye nyuzi 33, kitaonesha takriban nyuzi 83.

Sasa tuchukue kipozaji dhaifu zaidi, chenye tofauti ya nyuzi 62. Huko Ulaya kitaonesha nyuzi 84, na mtaalamu ataandika kwamba kinatosha. Hapa Konde kitaifikisha prosesa nyuzi 95.

Tofauti hiyo ya nyuzi 11 ndiyo inayoamua. Prosesa ya AMD Ryzen 7 7800X3D, inayopendwa na wachezaji wa gemu, imewekewa ukomo wa nyuzi 89. Ryzen 5 7600X ina ukomo wa nyuzi 95, na Core i9-14900K ya Intel ni nyuzi 100. Kwa maneno mengine, kipozaji kilichofaulu mtihani Ulaya chaweza kufeli Pemba ingawa hakina kasoro yoyote.

Prosesa ikifika ukomo wake haiungui papo hapo. Zimetengenezwa kujilinda: kwanza hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda huizima kompyuta. Mchezaji huona gemu likianza kukwama baada ya dakika ishirini, akadhani kadi yake ya michoro ni mbovu au amedanganywa dukani. Hutafuta fedha nyingine za kununua kifaa kipya, kumbe alichokosa ni upozaji wa kutosha.

Kanuni ya kwanza, basi, ni nyepesi: usomapo majaribio yaliyofanywa ugenini, ongeza nyuzi 10 kabla hujaamua. Ikiwa jawabu linakaribia ukomo wa prosesa yako, tafuta kipozaji kikubwa zaidi au prosesa inayotumia umeme mdogo zaidi.

Soma wati kabla ya kutazama taa

Kila prosesa huandikiwa kiwango cha wati na mtengenezaji. Hata hivyo, mnunuzi atahadhari, kwa kuwa idadi inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi si ya juu kabisa.

Core i5-12400, kwa mfano, huandikwa wati 65, lakini Intel yenyewe inaeleza kwamba kwa vipindi vya kazi nzito inaweza kufika wati 117. Ryzen 5 7600X huandikwa wati 105, ilhali ukomo wake wa umeme ni wati 142. Core i9-14900K huandikwa wati 125 na hufika wati 253. Hii ya mwisho ni jiko, na kwa chumba kisicho na kiyoyozi haishauriwi.

Prosesa za daraja la wati 65, kama Core i5-12400 au Ryzen 5 5600, zikinunuliwa kwenye boksi lake halisi huja na kipozaji chao kidogo. Kipozaji hicho kinaweza kuendesha kompyuta, lakini katika joto la pwani feni yake italazimika kuzunguka kwa kasi kubwa na kelele nyingi. Afadhali kuongeza kipozaji cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni moja ya milimita 120. Mifano inayojulikana ni DeepCool AK400 na Cooler Master Hyper 212.

Kwa prosesa zinazotumia kati ya wati 100 na 150, kunahitajika mnara mkubwa zaidi, au minara miwili yenye mabomba sita na feni mbili. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ni wa kundi hilo. Noctua NH-D15, uliotoka mwaka 2014, ni miongoni mwa vipozaji vya hewa vilivyosifiwa zaidi, ingawa bei yake ni karibu mara tatu ya ile ya Thermalright. Kwa mwenye bajeti ndogo, tofauti ya upozaji baina ya viwili hivyo si kubwa kiasi cha kuhalalisha tofauti hiyo ya fedha.

Aidha, mnunuzi aulize kama prosesa anayouziwa ni ya boksi au ni ile inayouzwa peke yake bila ya boksi. Prosesa za namna hiyo, pamoja na zilizokwishatumika, huja bila kipozaji hata kama aina hiyo kwa kawaida huwa nacho. Ryzen 7 7800X3D haina kipozaji hata kwenye boksi lake.

Maji au hewa?

Vijana wengi huvutiwa na vipozaji vya maji. Hivi hufanya kazi kama injini ya gari: pampu ndogo huzungusha maji kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na feni huyapoza huko kabla hayajarudi.

Kipozaji kizuri cha maji chenye rejeta kubwa hubeba joto jingi, na ni kweli kwamba kwa prosesa za zaidi ya wati 200 kina nafasi yake. Lakini nacho hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Maji yakipozwa na hewa ya nyuzi 33, hayatakuwa baridi kuliko nyuzi 33.

Kwa mtu wa Konde, jambo la kuzingatia zaidi ni nini kitatokea siku kifaa kitakapoharibika. Kipozaji cha hewa kina kitu kimoja tu kinachozunguka, nacho ni feni. Feni ikifa, mwenyewe huifungua na kufunga nyingine ya milimita 120 kutoka popote, hata iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Vipande vya alumini na mabomba ya shaba hubaki vilivyo kwa miaka mingi.

Kipozaji cha maji kina feni na pia kina pampu. Maji yake hupungua polepole kupitia kuta za mipira yake, na vingi vimefungwa kiwandani visijazwe tena. Pampu ikisimama, chombo chote hutupwa na kompyuta hukaa kimya hadi kingine kivuke bahari. Dhamana ya kiwandani ya miaka mitano au sita haina faida kubwa kwa mnunuzi ambaye duka lililomuuzia liko nchi nyingine.

Kuna aina ya tatu inayopaswa kuepukwa kabisa, nayo ni ile inayotumia bamba la umeme linalopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Bamba hilo linaweza kweli kushuka chini ya joto la chumba. Katika hewa yenye unyevu mwingi kama ya Pemba, kitu kilicho baridi kuliko hewa hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone hayo yakidondokea ubao mama wenye umeme, hasara yake haihitaji kuelezwa.

Chumvi, vumbi na unyevu

Konde iko karibu na msitu wa Ngezi, na bahari haiko mbali. Hewa yake huja na unyevu na chumvi, na vitu hivyo viwili vikikutana na vumbi hutengeneza utando unaong'ang'ania kwenye vipande vya alumini na bapa za feni.

Utando huo huzuia hewa kupita. Kipozaji kilichokuwa na tofauti ya nyuzi 50 kikiwa kipya, kikiziba kitaacha joto lipande siku hadi siku bila ya mwenyewe kutambua. Kwa hiyo ni vyema kuchagua kipozaji ambacho feni yake huvuliwa kwa vibanio viwili bila kuhitaji kung'oa mnara mzima, ili usafishaji uwe jambo la kila mwezi au miezi miwili.

Usafishaji ufanywe kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa. Brashi laini na kavu inatosha. Ukitumia upepo wa kupuliza, ishike feni kwa kidole isizunguke, kwani kuizungusha kwa nguvu kunaweza kuiharibu.

Ni vyema pia kuchagua kipozaji ambacho shaba yake imepakwa nikeli, kwa kuwa nikeli huikinga shaba isibadilike rangi na kuliwa na chumvi. Na kompyuta isiwekwe sakafuni wala kufunikwa kitambaa inapofanya kazi.

Vipimo na safari

Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kuhakikisha mambo matatu. La kwanza ni soketi. Soketi ya Intel LGA1700, iliyotoka mwaka 2021, ina matundu yaliyoachana kwa milimita 78 badala ya 75 za soketi iliyotangulia, hivyo kipozaji cha zamani huenda kisikae bila vifungo vipya. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM5 ya mwaka 2022 hupokea vipozaji vingi vya AM4, isipokuwa vile vinavyodai kuondolewa kwa bamba la nyuma la ubao.

La pili ni urefu. NH-D15 una urefu wa milimita 165, na Peerless Assassin 120 SE milimita 155. Kila kasha huandikwa kipimo cha kipozaji kinachoweza kuingia, na kipimo hicho kikipuuzwa mlango hautafunga.

La tatu linawahusu wanaonunua kompyuta za ofisini zilizokwishatumika ili wazigeuze za gemu. Nyingi kati ya hizo zina ubao wenye matundu na plagi za feni za namna yake, na vipozaji vya kawaida havikai. Mnunuzi afungue kasha na kutazama kabla hajatoa fedha.

Kisha ipo safari. NH-D15 pamoja na feni zake una uzito wa takriban kilo 1.3, nao huning'inia kwenye ubao mama kasha linaposimama. Kuisafirisha kompyuta iliyokwishaundwa kutoka Dar es Salaam, ikitikiswa na mawimbi na baadaye barabara, ni kuuweka ubao huo katika hatari ya kupinda au kupasuka. Ni salama zaidi mnara kusafiri ndani ya boksi lake na kufungwa Konde.

Namna ya kukifunga

Kipozaji bora kikifungwa vibaya ni sawa na kipozaji kibovu. Uso wa prosesa na uso wa kipozaji huonekana laini, lakini una mashimo madogo yasiyoonekana, na ndani yake hukaa hewa. Shaba hupitisha joto mara zaidi ya 10,000 kuliko hewa, ndiyo maana hupakwa pesti maalumu ya kuyajaza mashimo hayo.

Pesti inayohitajika ni kidogo, kama punje moja ya mbaazi katikati ya prosesa. Skurubu zikazwe kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, ili mgandamizo uwe sawa. Na kabla ya yote, karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kipozaji ibanduliwe. Kosa la kuisahau ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Anayekivua kipozaji kutoka kwenye soketi ya AM4 akizungushe taratibu kwanza, kompyuta ikiwa imetoka kufanya kazi muda mfupi uliopita na kuzimwa. Pesti iliyoganda inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipozaji na kupinda pini zake.

Feni ielekezwe ipulize upande wa nyuma wa kasha, ambako feni nyingine hutoa hewa nje. Kasha liwe na matundu mbele, si kioo kitupu. Kipozaji kinachovuta hewa ambayo tayari imepata moto wa kadi ya michoro huanzia nyuzi 40 badala ya 33.

Upozaji usio na gharama

Kuna hatua moja isiyohitaji kununua chochote. Prosesa nyingi zinaweza kuwekewa ukomo wa umeme katika mipangilio ya ubao mama. Ryzen 5 7600X, ikiwekwa katika hali ya wati 65, hushuka kutoka ukomo wa wati 142 hadi 88. Katika gemu nyingi upungufu wa kasi huwa mdogo, ilhali joto hupungua kwa kiasi kikubwa. Kuwekea gemu ukomo wa idadi ya picha kwa sekunde, kulingana na uwezo wa skrini, nako husaidia.

Joto lote linalotolewa na kompyuta hubaki chumbani. Mashine inayotumia wati 400 katika chumba kilichofungwa huongeza joto lile lile inalopaswa kulishinda, hivyo kufungua dirisha ni sehemu ya upozaji.

Baada ya kuunda, kompyuta ipimwe kwa programu ya bure kama HWiNFO, gemu likichezwa kwa nusu saa. Kipimo kifanyike mchana wa jua kali, si usiku wa manane. Kipozaji kinachofaulu mwezi wa Julai upepo wa kusi unapovuma hakijafaulu bado.

Ikumbukwe pia kwamba Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Waya huo umewezesha mengi, lakini umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo bado ni adui wa vifaa vya elektroniki. Mwenye fedha za kununua ama kipozaji cha kifahari au UPS, anunue UPS na achukue mnara wa kawaida.

Mpangilio unaoshauriwa kwa Konde, kwa hiyo, ni prosesa ya daraja la wati 65, mnara wa hewa wa mabomba manne au sita wenye feni inayobadilishika, kasha lenye matundu, na kinga ya umeme. Kompyuta ya namna hiyo haitang'ara kama zile za kwenye matangazo. Lakini mchana wa Februari, bati likiwa limeshika moto, itaendelea kufanya kazi.